Picha Imetoka Nzuri, Mkono Haunyanyuki

Makamanda, leo naomba tuache kidogo mambo ya tume na mikutano. Nataka kuwaeleza habari ya mkono mmoja. Mkono wa kulia wa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, dereva wa bodaboda. Mtaona wenyewe kwamba siasa haijaenda mbali.

Karibu miaka miwili iliyopita, kaka alikuwa anatoka Ikungi kuja Singida mjini na abiria. Fuso iliyobeba vitunguu ikampita vibaya, ikamkwangua, akaruka na kuangukia bega. Abiria alipata michubuko tu, Mungu mkubwa. Kaka alizinduka akiwa ameshapakiwa kwenye gari la msamaria. Polisi wakatoa PF3, hospitali ya kwanza ikampiga picha ya eksirei. Jibu likaja haraka: picha imetoka nzuri, mfupa uko salama. Wakamfunga kitambaa shingoni, wakampa dawa za maumivu, arudi baada ya wiki sita.

Mfupa kweli ulikuwa salama. Lakini mkono ulikuwa unaning'inia kama sio wake. Ukimfinya kidole hasikii. Ukimwambia "nyanyua", anaangalia mkono, mkono haumwangalii.

Mama mkubwa akaniuliza kwa simu, "Mwanangu, wewe uko chuo, hebu nieleze. Kama picha ni nzuri, kwa nini mkono haunyanyuki?" Mimi nasoma sheria, sikuwa na jibu. Basi kijijini jibu likapatikana bila mimi: amerogwa. Kuna mtu anaitamani pikipiki yake. Zikaenda wiki za mganga, kuku wakaenda, mbuzi akaenda. Simcheki mama mkubwa hata kidogo. Hospitali imesema hakuna tatizo, na tatizo analiona kwa macho yake. Ulitaka afikirie nini?

Sasa nieleze nilichojifunza baadaye, kwa sababu ningekijua siku ile tungekuwa tunazungumza mengine.

Mkono unanyanyuka kwa sababu kuna nyaya zinazotoka kwenye uti wa mgongo, pale shingoni, zinapita chini ya mtulinga na kwapani mpaka kwenye vidole. Hiyo ndiyo mishipa ya fahamu. Sio ile ya damu, ingawa sisi zote tunaita "mishipa" na hapo ndipo tunapoanza kuchanganyana. Mtu akirushwa na pikipiki, bega likaenda huku na shingo ikaenda kule, zile nyaya zinavutwa. Zinaweza kuwa zimechubuka tu, zitapona zenyewe. Zinaweza kuwa zimekatika. Zinaweza kuwa zimeng'oka kabisa kwenye shina lake. Kwa nje hali zote tatu zinafanana: mkono umelala. Na eksirei haioni hata moja, maana eksirei inaangalia mfupa.

Fikiria taa ya nyumbani imegoma kuwaka. Fundi umeme hapigi picha ukuta. Anachukua testa, anagusa waya, anajua umeme unafika wapi na umekatikia wapi. Na mwili una testa yake. Madaktari wanaiita EMG, na kwa kawaida inakwenda na kipimo kingine ndugu yake. Kwanza wanabandika vitufe kwenye ngozi na kupitisha umeme kidogo sana kwenye mshipa wa fahamu, wanapima unasafiri kwa kasi gani na unafika na nguvu kiasi gani. Kwenye mkono mzima, ujumbe unakwenda mita 50 au zaidi kwa sekunde moja. Halafu wanaingiza sindano nyembamba kwenye msuli, wanasikiliza umeme wa msuli wenyewe kwenye spika ya mashine.

Mimi nilikuwepo siku kaka alipopimwa, Dar es Salaam. Kwenye mkono wa kushoto, mtaalamu akigusa, kidole kinaruka. Akahamia wa kulia: kimya. Akaingiza sindano kwenye msuli wa kiganja, mashine ikaanza kutoa sauti ndogondogo kama manyunyu kwenye bati. Mtaalamu akatuambia huo ni msuli uliokatiwa mawasiliano, unatetemeka peke yake. Begani akapata dalili kidogo za uhai. Kuanzia kiwikoni kwenda chini, hakuna.

Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo linanikaa kooni: "Ajali ilikuwa lini?"

Ilikuwa miezi tisa kabla.

Ndugu zangu, kwenye ugonjwa huu siku zinahesabiwa. Kipimo cha sindano hakifanywi siku ya ajali. Mabadiliko kwenye msuli yanahitaji kama wiki tatu kuonekana. Lakini baada ya hapo saa inakimbia. Ikigundulika waya umekatika, upasuaji wa kuuunga au kuazima mshipa mwingine unafaa zaidi ukifanywa ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kwa nini? Kwa sababu mshipa wa fahamu unaota upya kwa wastani wa milimita moja kwa siku. Fanyeni hesabu wenyewe. Kutoka shingoni mpaka kiganjani kwa mtu mzima ni kama sentimita 70 na kitu. Milimita 700, siku 700. Na msuli uliokaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila mawasiliano unaanza kufa moja kwa moja, hata waya ukifika utakuta nyumba imeshabomoka. Kila mwezi unaopotea mwanzoni ni mwezi ambao mkono hautaupata mwishoni.

Miezi yetu tisa ilipotelea wapi? Miwili ya kwanza, "picha ni nzuri". Miwili, mganga. Mwezi wa tano tukarudi hospitali nyingine, tukakutana na daktari kijana aliyemgusa kaka kwa pamba na ncha ya sindano, akamwambia kunja, nyoosha, sukuma. Dakika kumi tu. Akasema palepale, "Huyu ana tatizo la mishipa ya fahamu, anahitaji kipimo ambacho hapa hakipo." Akaandika rufaa. Minne iliyobaki ilikuwa ya kutafuta hela. Mama mkubwa aliuza ng'ombe wawili. Nauli, chakula, pa kulala kwa watu wawili, kipimo chenyewe. Kutoka Singida mpaka Dar ni kama kilomita 700, na barua ya rufaa haina hela ndani yake.

Najua atakuja mtu hapa kwenye maoni: "Serikali imefanya makubwa kwenye afya, nyie wapinzani hamuoni." Tunaona. Mwaka 2021 nchi ilichukua mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF kwa ajili ya athari za UVIKO, na sehemu yake ilinunua mashine za CT skani kwa hospitali za rufaa za mikoa. Mashine hizo zinaokoa watu wenye damu kwenye ubongo, tuwape haki yao. Lakini CT nayo ni picha. Tumewekeza kwenye kuona, hatujawekeza kwenye kujua kama kinachoonekana kinafanya kazi. Na mashine ya kupima mishipa ya fahamu sio jengo. Zipo ambazo ni kama kompyuta ya mezani na kijisanduku pembeni, zinabebwa kwenye gari dogo. Kinachokosekana hasa ni mtu aliyesomea kuitumia, na mtu mwingine aliyeona kuna haja ya kumsomesha.

Na wala haihusu bodaboda peke yake. Kuna mama mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, anakanyaga msumari hajui. Kuna mtoto aliyechomwa sindano ya tako pasipo sahihi, mguu ukalegea. Kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, na zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. Watu hawa tunao mkoani, tunapishana nao sokoni.

"Nchi maskini, haiwezekani." Hapo ndipo mimi nakataa, na nina ushahidi.

Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu ghafla popote Tanzania, iwe Mgori, iwe Itigi, kuna utaratibu. Kituo cha afya kinatakiwa kutoa taarifa mara moja. Zinachukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Zinawekwa kwenye ubaridi, zinasafirishwa mpaka maabara iliyothibitishwa. Baada ya siku 60 mtoto anatakiwa kufuatiliwa tena kuona kama bado amepooza. Huo ni ufuatiliaji wa polio. Ndio uliotufanya tujue tumeishinda polio ya asili, na ndio uliogundua kisa cha virusi vya polio vilivyotokana na chanjo kule Rukwa mwaka 2023. Angalieni kinachofanyika hapo: mtu wa kijijini kabisa mwenye kiungo kilicholegea, ana siku zake zimehesabiwa na serikali, na kuna ofisa anaulizwa zikipita.

Mfano wa pili ni ukoma. Ukoma unakula mishipa ya fahamu. Kwa miongo mingi, mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977, umekuwa na waratibu mpaka wilayani, na kupima hisia za ngozi na nguvu za misuli ni sehemu ya kazi hiyo. Kipimo cha hisia kinaweza kufanywa hata kwa ncha ya kalamu. Fumba macho, nionyeshe nimekugusa wapi. Hakuna umeme, hakuna mashine, hakuna mzungu.

Kwa hiyo hatuwezi kuambiwa kwamba kupima mishipa ya fahamu vijijini ni anasa. Tunajua kufanya. Tumeamua tu kwamba mkono wa dereva wa bodaboda hauna siku 14 zake.

Sasa nije kwenye fani yangu, maana mtasema huyu anajifanya daktari.

Fuso ile ilikuwa na bima ndogo, kama Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inavyotaka. Maana yake kuna pesa mahali fulani kwa ajili ya mtu aliyeumizwa. Lakini Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka anayedai ndiye athibitishe. Kaka atathibitisha nini? PF3 ilirudi imeandikwa maumivu ya bega, hakuna mvunjiko. Kwa karatasi hiyo, mtu wa bima anakuangalia tu. "Mbona picha ni nzuri?" Anataka asilimia za ulemavu wa kudumu, na hakuna daktari makini atakayeandika asilimia za kitu ambacho hakijapimwa. Na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya aina hii. Ukichelewa, haki yako imekufa hata kama mkono unaonekana na kila mtu.

Angekuwa mwajiriwa wa kiwandani, kungekuwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini yeye pikipiki ni ya tajiri, kila jioni anapeleka hesabu, hakuna mkataba wa ajira, hakuna mchango. Tajiri alichukua pikipiki yake wiki ya pili, akampa mtu mwingine. Simlaumu sana, na yeye ana mkopo.

Basi ningeenda mahakamani kudai haki ya afya? Ibara ya 11 ya Katiba yetu ya 1977 inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu ili mtu apate msaada wakati wa maradhi na ulemavu. Nilipoisoma mwaka wa kwanza nilifurahi. Halafu mwalimu akatuambia turudi nyuma tusome Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Yaani imeandikwa ili isomwe. Jirani zetu Kenya, Katiba yao ya 2010, Ibara ya 43, imeweka afya kuwa haki ambayo mtu anaweza kuisimamia mahakamani. Haimaanishi hospitali zao zote zina mashine, wanalia kama sisi. Lakini wao wana pa kulilia. Ndiyo maana tukisema Katiba Mpya, kwangu mimi sio wimbo wa jukwaani. Namfikiria mtu mmoja amekaa nje ya nyumba Ikungi, mkono umewekwa mapajani.

Na Ikungi hiyohiyo imetoa mtu ambaye wote mnamjua. Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, alipelekwa Nairobi usiku uleule, Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, akarudi Julai 2020 akitembea kwa miguu yake. Alistahili kila dakika ya matibabu yale. Ninachosema ni kwamba watu walimuwahi. Kuwahiwa kusiwe bahati ya mwenye jina kubwa, wala ya mwenye marafiki wa kumchangia.

Kwa hiyo nadai nini? Sidai kila zahanati iwe na mashine ya EMG, huo ungekuwa uongo wa kampeni. Nadai mambo haya.

Kwanza, mtu yeyote aliyepata ajali na mkono au mguu haufanyi kazi, apimwe hisia na nguvu za misuli siku hiyohiyo, kwa pamba, kalamu na kinyundo, na matokeo yaandikwe kwenye PF3. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji waraka na mafunzo mafupi. Lingefanyika kwetu, miezi mitano isingepotea.

Pili, rufaa iwe na tarehe. Sio "aende kwa uchunguzi zaidi", bali apimwe kati ya wiki ya tatu na ya sita, na hospitali iliyompeleka iulizwe kama alifika, kama wanavyoulizwa wa polio.

Tatu, kila kanda iwe na mashine na wataalamu wake, na watembee. Siku moja au mbili kila mwezi Singida, tarehe inajulikana, inatangazwa redioni na kwenye nyumba za ibada. Ni rahisi zaidi kusafirisha mashine moja kuliko kusafirisha wagonjwa arobaini na ndugu zao.

Nne, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Vifurushi vyake vitaje kipimo hiki kwa jina, pamoja na nauli ya mgonjwa wa rufaa anayetoka nje ya mkoa. Bima inayolipia kipimo lakini haikufikishi kwenye kipimo, kwa mtu wa Ikungi ni kadi tu.

Na sisi vijana tusikae kusubiri kushika dola. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na ni haki yetu kuingia kusikiliza. Mtafuteni diwani wenu, awe wa chama chochote, aulize swali moja: mwaka huu, majeruhi wangapi wa bodaboda walipewa rufaa ya mishipa ya fahamu, na wangapi walifika? Muulize jibu kwa maandishi. Na kwenye vijiwe vya boda waambieni wenzetu: ukianguka, mkono ukafa ganzi au ukagoma, usikubali kuondoka na "picha ni nzuri". Omba uguswe kwa pamba. Omba iandikwe. Hesabu siku.

Kaka sasa ana ripoti. Daktari wa Dar alisema bega linaweza kurudi kiasi, na upo upasuaji wa kuhamisha msuli ili angalau kiwiko kikunje. Vidole, alisema, tusimdanganye. Mwezi uliopita nilimwandalia barua ya madai kwa kampuni ya bima. Mwalimu wangu mmoja aliipitia bila malipo, nashukuru. Nikampa kaka kalamu asaini. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, akaniuliza, "Hii wataikubali, mwanasheria? Maana sio saini yangu ya kwenye kitambulisho."

Nikamwambia wataikubali. Tukaongeza na dole gumba, la kushoto. Bado tuna mwaka mmoja na kidogo kabla ya ukomo.